Daftari ya makosa: vile ya kuchagua mfumo wa kufuatilia bagi (makosa ya programu) kama mradi wako wa programu huria uko Goma

Bandugu, kama mko na programu ya kwenu, kode yake (yale maagizo yanayoiendesha) iko wazi kila mtu anaweza kuisoma na kuibadilisha, na watu wameanza kuitumia kweli, itafika siku makosa yataanza kupotea. Sisemi yatarekebishwa, nasema yatapotea. Mtu anakuandikia kwa WhatsApp siku ya kwanza, unamujibu sawa nitaangalia, siku ya ine kuna mijumbe mingi imepanda juu yake, na siku ya posho, njo Jumamosi, unakutana naye mtaani Birere anakuuliza, kile kitu chetu kimefikia wapi? Unamuangalia tu, juu hata hukumbuki alisema nini. Hapo njo unahitaji daftari ya makosa, ule mfumo ambamo kila kosa linapata namba yake, mtu wa kulishika, na mahali pa kuandika limefikia wapi mpaka siku linafungwa.

Mimi niko kwenye timu ndogo ya watu watano, tunaandika programu ya telefone ya kusaidia vikundi vya AVEC kuhesabu akiba yao. Kwa asiyejua AVEC, ni watu 15 mpaka 25 hivi, wanakutana kila wiki, kila mtu ananunua hisa moja mpaka tano, makuta, njo pesa, inaingia mu sanduku lenye vifuli vitatu na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti, kisha mwaka hivi wanagawana. Mtindo huo ulianzia Niger mwaka 1991 na leo Kivu yote imejaa vikundi. Programu ikikosea hesabu pale mbele ya sanduku, watu wanaweza kuvunja urafiki wa miaka kumi kwa dakika tano. Njo maana jambo hili la daftari mimi nalichukua kwa uzito, na sisi tulichagua vibaya mara mbili kabla ya kupata njia, sasa niwaeleze.

Jambo la kwanza, usianze kwa kuangalia mifumo. Anza kwa kuangalia makosa yako yenyewe yanakuja na njia gani. Chukua mwezi mmoja uliopita, pitia WhatsApp, pitia imeli, kumbuka hata yale watu walikuambia njiani, andika yote kwenye karatasi moja: nani alisema, alisema kwa njia gani, kwa luga gani, na wewe ulimuuliza nini tena ili uelewe. Sisi tulipofanya hivyo tuliona karibu kila kosa lilikuja kwa odio ya WhatsApp, kwa Kiswahili cha hapa, kutoka kwa mama aliye katikati ya mkutano na kelele nyuma yake. Mawili tu yaliandikwa na mtu anayejua kode. Na sisi wakati ule tulikuwa tunabishana usiku mzima kuhusu mfumo upi uko na rangi nzuri za lebo.

Niwaonyeshe moja. Odio hii ilikuja saa tisa mchana kutoka kikundi kimoja cha wamama wa Kituku, nimeinyoosha kidogo tu: "Kaka, ile kitu yenu inataka kutugombanisha. Mama huyu tumemuandikia hisa tatu, telefone ikazimika, kuiwasha tunaona sita, wenzake wanasema ameiba, sasa mutusaidie haraka juu sanduku iko wazi hapa mbele yetu."

Ukiiingiza vile ilivyo mu daftari, hakuna mwandishi wa kode wa Lubumbashi wala wa Brazil ataweza kukusaidia. Mmoja wetu alimpigia yule mama, akaomba wahesabu na karatasi kwanza ili mkutano uendelee, kisha akamuuliza maswali manne tu: telefone gani, ulikuwa umegusa nini kabla ya kuzimika, ulitegemea kuona nini, uliona nini. Baadaye akachukua telefone ya aina ile ile, akajaribu mwenyewe, na tiketi, njo maandishi ya kosa moja mu daftari, ikatoka hivi:

Hisa zinaandikwa mara mbili telefone ikizimika wakati wa kuhifadhi. Android 8, toleo letu 0.9. Fungua mkutano, andika hisa tatu, gusa Hifadhi, zima telefone kabla ya alama ya kijani kutokea, iwashe, fungua mkutano ule ule. Tulitegemea tatu, tunaona sita. Imetokea mara mbili katika majaribio manne.

Na tiketi hiyo ndogo njo iliponya kosa, juu aliyesoma "kabla ya alama ya kijani" alielewa palepale kwamba programu ilikuwa imeandika hisa lakini haijajua kama imeshaandika, ikiwaka inaandika tena. Dawa ilikuwa kuipa kila hisa namba yake ya pekee kabla ya kuhifadhi, ili ikiandikwa mara ya pili ijifunike juu ya ile ya kwanza. Lakini angalia kazi ilikuwa ya nani: ya yule aliyepiga simu na kuuliza maswali manne. Kila AVEC iko na sekretere anayeandika daftari kwa niaba ya wote, na mradi wa programu nao unahitaji sekretere. Mama wa Kituku hatafungua akaunti, hataandika imeli, na hakuna sababu ya kumulazimisha. Kwa hiyo mfumo unaouchagua, uchague kwa ajili ya sekretere wako: yeye njo ataufungua kila siku, yeye njo atajua kama unachosha, na kama ukimchosha ataacha, akiacha mumerudi WhatsApp.

Basi muulize yeye kwanza. Anatumia telefone ama ordinateri? Anasoma Kifaransa ama Kiingereza? Yuko na mega za intaneti kiasi gani kwa wiki? Kisha muulize mtu wa pili, yule wa kurekebisha kode, na huyo mara nyingi anataka kitu kimoja tu, kwamba tiketi na kode vikae karibu, akiandika kwenye mabadiliko yake kwamba hii inarekebisha namba 12, tiketi ya 12 ijifunge yenyewe.

Sasa mifumo yenyewe. Nitapita haraka kwenye mingine.

GitHub, ule mtandao wa kuweka kode na tiketi zake, kila mtu anaijua, ilifunguliwa 2008, Microsoft ikainunua 2018 kwa dola bilioni 7.5. Nguvu yake kubwa ni kwamba waandishi wa kode wa dunia nzima wako tayari na akaunti kule, mtu wa mbali akiona kosa hatasita kuliandika. Kule unaweza kuweka fomu ya tiketi ndani ya folda inayoitwa .github/ISSUE_TEMPLATE, na watu wengi hawajui kwamba ile fomu unaiandika kwa luga unayotaka, sisi tuliiandika kwa Kiswahili, "Uligusa nini? Ulitegemea nini? Uliona nini?", na tiketi zikaanza kueleweka. Shida: vitufe vyote viko kwa Kiingereza, hakuna kuandika tiketi bila akaunti, na kama mradi uko wazi basi tiketi zake ziko wazi kwa kila mtu, isipokuwa ripoti za usalama ambazo ziko na mlango wao wa siri. Tena kampuni ya Marekani inafuata sheria za Marekani, mwaka 2019 watu wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamezuiliwa sehemu ya huduma juu ya vikwazo. Sisi hatuko kwenye orodha hiyo, lakini mtu anayeishi mahali penye siasa ngumu ni vizuri ajue.

GitLab ilianzishwa 2011 na Dmytro Zaporozhets wa Ukraine, na historia yao wenyewe inasema nyumba yake haikuwa na maji ya bomba, alikuwa anaenda kisimani kila siku, lakini kukosa chombo kizuri cha kufanya kazi na wenzake njo kulimuuma zaidi. Mtu wa Goma anayebeba bidon kila asubuhi anaelewa huyo ni mtu wa namna gani. GitLab iko na Kifaransa, iko na tiketi za siri ambazo wanaona wanamradi tu, na iko na kitu kimoja ambacho kwetu kilibadilisha kila kitu: unapata anwani ya imeli, mtu yeyote akituma imeli kule inageuka tiketi yenyewe, bila yeye kuwa na akaunti, na kwa kawaida tiketi hiyo inazaliwa ikiwa ya siri. Wamama hawana imeli, ndiyo, lakini maajenti wanaotembelea vikundi wako nayo, na wao wanaandika vizuri sana. Ubaya wa GitLab ni uzito, kurasa zake zinakula mega, na kwenye telefone ya zamani unasubiri.

Kama uzito ndio unakusumbua, angalia Codeberg, ni shirika lisilo la faida huko Berlin, wanatumia programu huria inayoitwa Forgejo, iliyojitenga na Gitea mwaka 2022. Kurasa ni nyepesi, inafunguka hata konekisho ikiwa ya shida, Kifaransa kiko. Mimi naipenda. Kwa mradi usiogusa makuta ya watu ningeichukua bila kufikiri mara mbili.

Kisha kuna ile ya kuweka kwenye seva yako mwenyewe, ordinateri inayokaa imewashwa kwenye mtandao. Bugzilla ni mzee wao, ilitoka 1998 kwa watu wa Netscape na Mozilla, ina nguvu sana lakini fomu yake inauliza maswali mengi kuliko ofisi ya uhamiaji, kwa timu ya watu watano itawachosha. Mantis ni ya mwaka 2000, imeandikwa na luga ya kode inayoitwa PHP, inaingia hata kwenye hostingi (seva ya kukodi) ya bei ndogo, iko na Kifaransa na unaweza kuruhusu mtu aripoti bila akaunti. Redmine ya 2006 iko na mambo mengi zaidi, kalenda, wiki (siyo ya siku saba, ni kurasa za maelezo ambazo timu inaandika pamoja), miradi kadhaa pamoja, inapokea imeli pia, ila kuiinstali na kuipandisha toleo kunahitaji mtu anayeelewa luga ya kode ya Ruby, na kama mtu huyo ni mmoja tu na akisafiri, mko peke yenu. Jira sisemi sana, ni ya kampuni, wanatoa bure kwa miradi huria ukiomba, lakini ni mtambo wa watu mia na ninyi mko watano.

Watu wa Debian, ule mfumo huria wa kuendesha ordinateri, nao wako na njia yao ambayo naiheshimu sana: kila kitu kinapita kwa imeli, kufungua tiketi ni imeli, kujibu ni imeli, kufunga ni imeli. Mtu mwenye konekisho ya saa moja kwa siku anaandika zake usiku bila mtandao, asubuhi zinaondoka zote pamoja.

Na hapo tunaingia kwenye kitu ambacho miongozo ya watu wa mbali haikuambii juu kwao kura, njo umeme, haikatiki. Kuna mifumo ambayo daftari lote linakaa ndani ya ordinateri yako, unaandika bila intaneti, ukipata mtandao unasawazisha. Fossil ni mmoja, ameiandika D. Richard Hipp, ndiye yule wa SQLite, ile programu ya kuhifadhi deta, ambayo iko mu telefone yako sasa hivi unaposoma. Ni faili moja tu ya kuinstali, ndani yake kuna kode, tiketi, wiki, vyote, na ukisawazisha na mwenzako tiketi zinaenda pamoja na kode. Ugumu wake ni kwamba unaacha Git, kile chombo cha kutunza mabadiliko ya kode, na watu wengi hawataki kuacha Git. Kama mnataka kubaki na Git kuna git-bug, inaficha tiketi ndani ya Git yenyewe, na iko na daraja la kuchukua na kurudisha tiketi kwenye GitHub na GitLab. Siku ambazo mtandao unakatika hapa kwa masaa ama masiku, yule aliye na git-bug anaendelea kusoma na kujibu, na wengine wanakaa kusubiri.

Sasa seva, na hapa nisikilizeni vizuri, juu hapa njo tuliumia.

Mwaka 2021 daftari yetu ilikuwa Mantis, kwenye ordinateri moja nyumbani kwa mwenzetu mu Majengo, batri moja na kura ya kuungaunga. Tulijisifu, deta zetu ziko kwetu. Siku ya posho tarehe 22 Mei jioni Nyiragongo ikapasuka, mbingu ikawa nyekundu, lava ikateremka mpaka Buhene ikasimama pale. Tarehe 27 serikali ikatangaza mitaa kumi ihame, tukatoka na watoto na magodoro, wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine mashua ya Bukavu. Ordinateri ikabaki mezani. Karibu wiki mbili hakuna aliyejua hata tulikuwa na makosa mangapi wazi, na wale wamama waliokimbilia Sake walikuwa wanatuma odio kwamba wanataka kugawana akiba yao palepale kambini, programu inakataa kugawa kabla ya mwezi wa mwisho, kosa ambalo tulikuwa tumeliandika, na maelezo yake yote yako Majengo. Nyumba haikuungua. Lakini kopi pekee tuliyokuwa nayo nje ilikuwa ya miezi ine nyuma.

Kwa hiyo, kama unataka seva yako, sawa, lakini isikae Goma peke yake, na bekapu, njo kopi ya akiba, iende kila usiku kwenye mji mwingine ama nchi nyingine, na mara moja kwa mwezi mtu mmoja aichukue ile bekapu aifungue kwenye ordinateri tupu aone kama tiketi zinatokea. Bekapu ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kama bekapu. Ukiona hamna mtu wa kufanya kazi hiyo kila mwezi, usiweke seva, tumia ya wengine.

Mara ya pili tulichagua hostingi ya kulipia nje. Ilikuwa nzuri mpaka kadi ikakataa. Tangu benki za Goma zifunge milango January 2025 kila mtu hapa anajua kulipa kitu cha dola tano nje ya nchi kimekuwa safari, unatafuta mtu wa Kampala ama wa ulaya akulipie, na akisahau tarehe, daftari inazimwa. Sasa sisi tuko na sheria, daftari ya makosa isitegemee kadi ya mtu yeyote. Ama iwe bure kweli kwa miradi huria, ama iwe imelipwa mwaka mzima mbele na mtu aliye nje, na tarehe ya mwisho iandikwe mahali wote watano wanaiona.

Kuna jambo la siri nalo, na kwa programu yoyote inayogusa makuta, wagonjwa ama watoto, mimi nalitanguliza kabla ya yote. Mtu anaona kosa, anapiga skrinshoti, anatuma. Kwenye skrinshoti kuna majina ya wanakikundi wote na kiasi cha kila mmoja, na juu kabisa jina la mtaa. Ukiiweka kwenye tiketi ya wazi umewaambia wezi nyumba gani sanduku inalala. Nilishaona skrinshoti ya namna hiyo imekaa wazi siku mbili kwenye mradi, na nililala vibaya hizo siku. Kwa hiyo angalia mfumo uko na tiketi za siri ama hauna, jaribu mwenyewe kwa kutoka kwenye akaunti yako na kufungua linki ile kama mgeni. Kama hauna, basi sekretere ndiye apokee picha pembeni, aifute majina, ndipo iingie. Na programu yako yenyewe uiwekee kitufe cha kuficha majina kabla ya kupiga picha, ile kazi ya siku moja itakusaidia miaka.

Kitu kingine ambacho hakiko kwenye orodha za kulinganisha mifumo: kutafuta. Kabla ya kuandika tiketi mpya unatafuta kama kosa lishaandikwa. Lakini sisi mmoja anaandika "inaganda", mwingine "inakwama", mwingine "inabloke", mwingine "inakatala kufunguka", na injini ya kutafuta haijui hayo yote ni kitu kimoja, tena inajua kukata vitenzi vya Kiingereza, ya kwetu haijui kwamba imeganda na inaganda ni ndugu. Tulikuwa na kosa moja limeandikwa mara sita na namba sita. Tulichofanya ni kuweka lebo chache zenye neno moja la Kiswahili kwa kila dalili, inaganda, hesabu-mbaya, inazimika, haihifadhi, haifunguki, basi, na sekretere anaweka lebo kila mara hata kama mtu ameandika neno lingine. Unatafuta kwa lebo, unapata zote. Kwa hiyo hakikisha mfumo wako unaruhusu lebo za kujitungia na kuchuja kwazo kwenye telefone bila kuhangaika. Usizidishe, ukifika lebo thelathini hakuna atakayezikumbuka.

Hali ya tiketi pia, nne zinatosha: imepokelewa, tunahitaji maelezo, imethibitishwa, imefungwa. Ile "tunahitaji maelezo" ni ya muhimu kuliko inavyoonekana, inakuonyesha ni nani wa kupigia simu.

Kabla ya kukubali mfumo wowote, fungua mlango wa kutokea. Mifumo inakufa. Google Code ilikuwa kubwa, watu waliweka miradi yao yote kule, mwaka 2015 wakatangaza wanafunga, January 2016 ikafungwa. Gitorious nayo ikafungwa 2015. Na hata bila kufa, miradi inahama, watu wa Python, luga moja ya kode, walitumia mfumo wao wa Roundup miaka mingi, Aprili 2022 wakahamia GitHub, na ilikuwa kazi kubwa. Kwa hiyo siku ile ile ya kwanza, weka tiketi tano za kujaribu, zenye maoni na picha, kisha uzitoe. Redmine na Mantis zinakupa CSV, njo faili ya jedwali, GitLab inakupa CSV na pia faili kubwa la mradi mzima, GitHub unapitia API yao, mlango ambao programu nyingine inachukulia deta. Ifungue ile faili uangalie: maoni yamo? Tarehe zimo? Nani aliandika, imo? Picha zimo? Mara nyingi CSV inaleta kichwa na maelezo, maoni yanabaki nyuma, na maoni njo mahali dawa imeandikwa.

Sisi tulibaki GitLab, kwa ajili ya ile imeli inayogeuka tiketi na ile siri, na wawili kati yetu wako na git-bug kwenye ordinateri kwa siku za bila mtandao, kwa zile tiketi za wazi tu. Kwenu inaweza kuwa nyingine. Mradi wa wanafunzi wanaoandika maktaba ya kode kwa waandishi wa kode wenzao, nendeni GitHub, watu wenu wako kule. Mradi wa kamusi ama wa michezo, Codeberg. Chuo chenye seva yake na mtu wa kuiangalia, Redmine.

Ukishachagua mbili, jaribu zote mbili wiki moja moja, na makosa ya kweli. Sekretere wako afungue akaunti akiwa hapa hapa, na namba yake ya +243, na mega zake, siyo wewe ukiwa kwenye wifi ya hoteli, juu kuna huduma zinaomba uthibitisho ambao kutoka huku haupiti. Apime mwenyewe mega alizokuwa nazo kabla ya kufungua ukurasa wa tiketi kumi na zilizobaki baada yake. Aandike tiketi moja akiwa kwenye pikipiki ya abiria ya Ndosho, simu mkononi, jua kali. Mwisho wa wiki ya pili muulize atachukua ipi, na chukua hiyo.

Kisha peleka ndani tiketi za zamani, lakini zile tu ambazo bado zinatokea, jaribu kila moja kwanza. Andika kwenye README, lile faili la mradi ambalo watu wanasoma kwanza, mstari wa kwanza kabisa makosa yanapelekwa wapi, na ndani ya programu weka kitufe kimoja kilichoandikwa Sema kosa, ambacho kikiguswa kinafungua WhatsApp ya sekretere na toleo la programu na aina ya telefone vimeshaandikwa tayari, mama anaongeza odio yake tu. Pangeni zamu, wiki moja kila mtu, ya kupokea odio na kuzigeuza tiketi, na yule wa zamu akirudisha namba kwa aliyeripoti amuandikie kwa Kiswahili: mama, kosa lako ni namba 47, tukilimaliza nitakupigia.